Heshima ya Kiti

Ukialikwa harusini hapa Arusha, iwe ukumbi wa Njiro, wa Sakina au wa Usa River, kabla hujaangalia keki angalia jinsi akina mama waliovuka miaka sitini wanavyopokelewa. Kijana wa kamati anakimbia kuleta kiti. Kiti kinafutwa kwa kitambaa. "Shikamoo mama, karibu, kaa hapa, wala usihangaike." Soda inamfuata alipo, sahani inamfuata alipo, na kama ni ile miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya Meru inashuka mpaka mjini, shuka la Kimasai nalo linamfuata afunike magoti. Mama anakaa. Atakaa saa tano. Mara moja tu, MC akiita upande wa bibi harusi ulete zawadi, atainuka na wenzake wa sare ya kitenge, watasogea kwa madoido kutoka mezani kwao mpaka meza kuu, hatua kama ishirini hivi, vigelegele, simu juu kupiga picha, halafu atarudishwa kwenye kiti chake.

Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Mtu mzima haachwi amesimama. Msibani ni hivyo hivyo, isipokuwa kiti kinageuka mkeka. Kanisani, kwenye kikao cha ukoo, sebuleni kwa mkwe, kote anayeheshimiwa anakalishwa. Mimi si mtu wa kukejeli adabu za kwetu. Ninachotaka kusema ni kwamba heshima hii ina gharama, gharama yenyewe inalipwa na mishipa ya damu, na wanaoilipa zaidi ni mama zetu.

Nianze na wa kwangu. Ana miaka 68 na anaishi mlimani, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa. Nilipokuwa mtoto, siku za soko, Jumatano na Jumamosi, alikuwa anashuka Tengeru kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani, jioni anapanda na sukari, chumvi na mafuta ya taa. Katikati ya siku hizo kulikuwa na majani ya ng'ombe, kuni, maji ya mferejini na palizi. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Yaliitwa shida. Sisi wanawe tukasoma, tukapata kazi mjini, tukaapa kumwondolea mama shida. Mmoja akavuta maji mpaka uani. Mwingine akaweka kijana wa kukata majani. Bodaboda zikaja, mama akawa na namba ya kijana wake wa kumshusha sokoni na kumpandisha. Kaka aliye Dar akaleta makochi na televisheni. Kila zawadi ilikuwa nzuri, na kila moja mama aliiombea baraka. Ukizipanga zote mstarini unapata mwanamke ambaye siku nzima anatoka kitandani kwenda kwenye kochi, na Jumapili anatoka kwenye kochi kwenda kwenye benchi la kanisa.

Presha yake iligunduliwa kwa bahati, siku ya upimaji wa bure pale sokoni: 172 kwa 98. Alimwambia nesi mashine imeharibika, maana yeye haumwi popote. Nesi akapima mkono wa pili, ikawa ileile. "Mama, presha haipigi hodi," nesi akamjibu.

Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, kweli hakupigiwa hodi. Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamtoka mkononi, akataka kuuliza kuna nini, maneno hayakutoka. Kiharusi, upande wote wa kulia. Aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo, akigeuzwa kitandani kwa zamu na mabinti zake, mwanamke aliyekuwa akiongoza nyimbo za akina mama kanisani kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Siku tuliyomzika, mama alirudi nyumbani, akachota maji kwenye kikombe, akameza kidonge chake mbele yangu bila kukumbushwa na mtu.

Haya si ya familia moja. Ukishika barabara ya Moshi kutoka kwetu, ukapita Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, ukifika uwanja wa ndege wa KIA umeshaingia wilaya ya Hai. Huko, pamoja na sehemu ya Dar es Salaam, watafiti walihesabu viharusi kwa miaka mitatu, 2003 hadi 2006, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Walipata viharusi 636, na kati ya hivyo 453 vilikuwa vya Hai. Baadaye, katika wilaya hiyohiyo, wakapimwa presha wazee zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea. Karibu saba katika kila kumi walikuwa nayo, na wengi wao walikuwa hawajui. Hai wana mlima kama sisi, wana migomba kama sisi, na wao pia siku hizi wana bodaboda. Sioni sababu ya kudhani upande huu wa barabara uko salama zaidi.

Sasa, kwa nini wanawake, na kwa nini umri huu? Nilipoanza kusoma habari hizi nilitafuta picha moja ya kunielewesha, nikaipata shambani: mpira wa kumwagilia. Mpira mpya ni laini. Maji yakija kwa nguvu unatanuka, yakipungua unarudi. Uache juani misimu mitatu uone. Unakakamaa, na siku ukifungulia maji kwa nguvu, nguvu yote inapiga ukuta wa mpira mpaka penye udhaifu papasuke. Ateri zetu nazo ziko hivyo. Ndani zimetandikwa utando mwembamba sana wa seli, na utando huo hauko pale kama pambo. Damu ikipita juu yake kwa kasi, unatoa hewa inayoitwa naitriki oksaidi, na hewa hiyo inauambia msuli wa mshipa ulegee. Kazi ya kugundua mjumbe huyo wa mishipa iliwapa Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Homoni ya estrojeni inausaidia utando huu kufanya kazi yake. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka, mishipa inaanza kukakamaa haraka, na mwanamke ambaye miaka yote presha yake ilikuwa chini ya ile ya mumewe anaanza kumfikia, kisha anampita.

Kinachouamsha utando ni mwendo wa damu, na mwendo wa damu unaongezwa na misuli inayofanya kazi. Halafu kuna shavu la mguu. Damu iliyoshuka mguuni lazima ipande kurudi moyoni, na moyo peke yake hauwezi kuivuta yote. Kila unapokanyaga na kunyanyua kisigino, shavu la mguu linabana vena za ndani na kuisukuma damu juu, na vali ndogondogo zilizomo humo zinaizuia isirudi chini. Mama aliyekaa saa tano kwenye kiti cha heshima, pampu yake imezimwa. Ndiyo maana anatoka ukumbini viatu vinambana, nasi tunasema miguu imevimba, ni uzee tu.

Kikundi cha mama kilianza kama vikoba vya kawaida. Wanawake ishirini na wawili, wengi wajane, hisa kila Alhamisi saa kumi jioni kwenye uwanja nyuma ya kanisa. Mmoja wao ni nesi mstaafu. Mwaka wa pili aliwaambia jambo rahisi: "Tunakaa hapa saa mbili tunahesabu hela. Hela zenyewe nusu saa zimeisha. Hiyo saa moja na nusu inayobaki tuicheze."

Nimekwenda kuwaona mara nyingi, shule zikifunga. Spika hakuna. Kuna ndoo ya plastiki iliyopinduliwa na kayamba moja. Kwanza kila mmoja anapimwa presha akiwa ametulia, na nesi hana mzaha hapo: aliyezidi 180 juu au 110 chini hachezi, anapelekwa zahanati. Wanaanza kwa kutembea kwenye duara, polepole, mikono inaning'inia, dakika kama kumi. Kisha kwaito, ile ya mistari ya harusini, mbili kulia, mbili kushoto, kisigino, geuka. Halafu inakuja zamu ya mama mmoja Mwarusha, mzaliwa wa Ngaramtoni aliyeolewa huku, wote wanamwita Koko. Yeye anawafundisha mabega: miguu imetulia, mgongo wima, mabega yanarushwa mbele mpaka shanga za shingoni ziruke. Ukimwangalia unaona ni kazi rahisi. Nilijaribu, dakika tatu tu nikawa nahema. Mwishoni wanapunguza mwendo, wanashikana mabega wawiliwawili, wanasimama kwa mguu mmoja, kila mtu nguzo ya mwenzake. Hiyo ya mguu mmoja nesi aliichomeka makusudi. Anajua kwamba mama wa miaka sabini akianguka akavunjika nyonga, habari za mishipa zinakuwa hadithi ndogo.

Siku moja aliwaeleza kipimo wanachotumia madaktari: mazoezi ya wastani ni yale ambayo ukiwa unayafanya unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wakacheka wote, maana wao hawachezi bila kuimba. Lakini ukitazama vizuri, wimbo wa kupokezana una kipimo chake ndani. Anayeongoza anaimba peke yake huku wenzake wanacheza kimya na kuvuta pumzi, kisha wao wanaitikia na yeye anapumua. Akiona sauti inakatika, anamnyooshea mwingine mkono apokee. Kundi likianza kuitikia nusu neno, mpiga ndoo anapunguza kasi. Hata mchakamchaka tuliokimbizwa shule ya msingi alfajiri uliendeshwa hivyohivyo. Waliobuni mtindo huu hawakuwa na mashine ya kuhesabu mapigo ya moyo, na kwa namna ninavyoona hawakuihitaji.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, na siku tatu au zaidi ashughulishe pia nguvu na uwiano wa mwili ili asianguke. Nesi alipiga hesabu mbele yao kwenye daftari: Alhamisi moja ni dakika 90. Ndipo walipoongeza Jumatatu. Siku zilizobaki kila mtu alipangiwa kushuka au kupanda mlima walau mara moja kwa miguu yake mwenyewe. Kijana wa bodaboda wa mama alikuja nyumbani kuuliza kama amemkosea.

Mwanzoni kulitokea ugomvi mdogo, na kwangu mimi mpenda vitabu ndio sehemu tamu ya habari hii. Wazee wawili wa kanisa walitaka kujua ni ngoma gani inapigwa nyuma ya nyumba ya Mungu. Neno lenyewe ndilo lililowashtua. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo, ni mchezo, ni shughuli nzima, na katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati na ya kusini ngoma ni tiba vilevile. Mtafiti Mmarekani John Janzen aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, akakiita Ngoma, kikatoka 1992, na Dar es Salaam ni mmoja wa miji aliyoiandikia. Wazee wetu wa kanisa walilijua hilo bila kumsoma Janzen, ndiyo maana waliogopa: ngoma ya kutibu waliyoisikia kwa babu zao ilikuwa na mizimu ndani yake. Akina mama walijibu kiutu uzima. Wakasema hawachezi ngoma, wanafanya mazoezi. Wazee wakaridhika, ndoo ikabaki ileile.

Huko Marekani nako kuna jina lake. Mwaka 1942 mcheza dansi Marian Chace alianza kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, na mwaka 1966 wataalamu wa tiba ya dansi wakaunda chama chao, yeye akiwa rais wa kwanza. Leo ni taaluma inayosomewa chuoni. Nafurahi kwamba ipo, maana kikisomewa kitu hupata bajeti. Ila kila nikisoma jinsi Chace alivyofanya kazi, watu kwenye duara, mmoja anaanzisha mwendo, wengine wanaupokea kwa miili yao, nasikia ndoo ya nyuma ya kanisa.

Na vyama vya wanawake wachezaji havikuanza na vikoba. Bibi Titi Mohamed, kabla hajapanda jukwaa la TANU, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma jijini Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake kwenye chama, aliviendea vikundi vya ngoma. Huko wanawake walikuwa wamekwishajipanga, wana viongozi, wanafahamiana, wana desturi ya kukutana. Nalileta hili kwa sababu shida kubwa ya mazoezi haiko kwenye kuanza, iko kwenye kuendelea. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilizinduliwa kampeni ya taifa zima kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Vijana na fulana zao za klabu walijaa barabarani, wakapendeza kweli. Mama angeshuka mlimani alfajiri akimbie na nani? Kwenye vikoba kuna faini ya kuchelewa, shilingi 500, na ukikosa mara mbili mfululizo unafuatwa nyumbani, watu wanne, na maswali. Kidonge hakijawahi kumfuata mtu nyumbani.

Mtaani wakisikia habari hizi wananitajia Bi Kidude wa Zanzibar, aliyepiga ngoma ya unyago akiwa bibi kizee kabisa, akafariki Aprili 2013 dunia nzima ikimjua. Wanasahau kutaja sigara zake. Kwa habari za mishipa Bi Kidude hawezi kuwa mwongozo wa mtu. Ninachokichukua kwake ni kingine: kwamba mwili wa mwanamke mzee unaweza kuwa katikati ya uwanja, umejifunga ngoma kiunoni, na asitokee mtu wa kukimbilia kuuletea kiti.

Ushahidi wa wanaopima upo pia. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyounganisha takwimu za watu 48,390 wa Uingereza na Uskoti, wote wa miaka 40 na kuendelea. Waliokuwa wanacheza dansi kwa nguvu ya wastani, hatari yao ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ilikuwa ndogo kwa asilimia 46 kuliko ya wasiocheza. Takwimu kama hizo zinataka tahadhari, maana anayeendelea kucheza uzeeni mara nyingi ni yule aliyekwisha kujaliwa afya. Karibu zaidi na sisi, watafiti wa Lagos, Nigeria, walichapisha mwaka 2012 utafiti mdogo juu ya wagonjwa wa presha wenyewe waliochezeshwa kama tiba, na presha zao zilishuka. Na wa kwangu nyumbani: mama, akiwa anameza na anacheza, ametoka kwenye 172 ile ya sokoni, siku hizi anazunguka kwenye 138 na 140.

Angalia lakini maneno niliyotumia: anameza na anacheza. Hapo ndipo hatari ilipoingia.

Mwezi wa tisa mama mmoja wa kikundi, rafiki wa mama tangu darasa la kipaimara, alisimama kikaoni akatoa ushuhuda. Presha imeshuka, amecheza mwaka mzima, ameacha vidonge, Bwana asifiwe. Wakapiga makofi. Nesi hakupiga. Alisubiri makofi yaishe akasema, "Dada yangu, imeshuka kwa sababu unacheza ukiwa umemeza. Kigoda ukikitoa mguu mmoja, utakikalia?" Yule mama alikasirika, akakaa kimya mpaka mwisho.

Hakuwa mjinga. Kwake vidonge vilikuwa nauli, foleni tangu asubuhi, na siku nyingine dirisha la dawa linamwambia hamna, kanunue nje. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 kuwa mzee na inazungumzia kumtibu bure asiyejiweza, lakini dirishani mtu hasomewi sera. Zaidi ya gharama, alikuwa amechoka kuwa mgonjwa. Nyuma ya kanisa, kwenye lile duara, hakuwa mgonjwa. Alikuwa mchezaji, tena hodari. Tiba ya namna hii ina nguvu hiyo ya kukurudishia mwili wako mpaka usahau ulichokuja nacho, na sijui daktari anayeweza kuitenganisha nguvu hiyo na hatari yake.

Basi akaanza kuchelewa. Kila Jumatatu na Alhamisi alifika upimaji ukiwa umekwisha, akaweka shilingi 500 yake mezani bila neno, akaingia kwenye duara. Mweka hazina aliandika faini. Waliliona, wakadhani ni shamba, ni wajukuu. Mwezi wa tatu, Jumatatu moja, katikati ya mabega, Koko aliona bega la kushoto la mwenzake haliruki. Halafu mdomo ukaenda upande. Nesi alimwambia anyanyue mikono yote miwili, ukanyanyuka mmoja. Hawakumpa maji, hawakumlaza kusubiri apate nafuu. Ndani ya nusu saa alikuwa kwenye gari la mchungaji akiteremshwa hospitali. Mama yangu mkubwa alipoangusha kikombe alikuwa peke yake jikoni.

Aliishi. Mkono wa kushoto ni mzito, mguu unaburuta kidogo, maneno yamerudi yote na ukali wake. Kikundi hakikumfanyia kikao cha lawama. Walichofanya ni kubadilisha katiba ya vikoba, kitu ambacho kwa akina mama hawa si jambo dogo. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, sasa unatoa hela ya vidonge vya mwezi kwa yeyote atakayesema dirisha limemrudisha. Na anayechelewa kupimwa halipi tena faini. Anapimwa palepale, wote wakisubiri.

Yeye mwenyewe amerudi tangu Juni. Analetwa na bodaboda, anawekewa kiti, na ndicho kiti pekee uwanjani. Kimewekwa katikati ya duara. Koko anapiga magoti mbele yake, mikono mabegani kwake, wanarusha pamoja: bega la kulia linaruka mara moja, la kushoto linachelewa, linakuja. Visigino vyote viwili vinapanda na kushuka chini ya kiti. Alhamisi ya mwisho niliyokuwepo, mpiga ndoo alipoona hivyo akapunguza mwendo kwa ajili yake. Alimgeukia akamwambia, "Wewe, mimi sijafa. Ongeza."

Waliporudi mezani, nilichungulia daftari la mweka hazina. Siku hizi mbele ya kila jina kuna safu nne: hisa, faini, presha, vidonge. Mbele ya jina lake iliandikwa hisa mbili, faini hamna, 134 kwa 82, amemeza.